Kulainisha kitunguu kwa moto mdogo, kwenye mkaa au gesi

Mchuzi mwingi unaopikwa Dar es Salaam huharibika dakika tano za kwanza, kabla nyama wala samaki hajaingia sufuriani. Moto unawaka wote, mafuta yanatoa moshi, kitunguu kinamwagwa na kuanza kurukaruka. Kingo zinageuka kahawia huku katikati kikiwa bado kibichi, kisha nyanya zinafuata haraka haraka ili kisiungue. Mwishoni nyama imeiva na chumvi imekolea, lakini vipande vya kitunguu bado vinalia mdomoni, na watoto wanavitoa kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani.

Kitunguu kilicholainishwa sawasawa huwezi hata kukiona. Kinayeyukia ndani ya mchuzi, kinaupa uzito bila unga, na kinaleta utamu wa chinichini ambao ukiweka sukari huupati. Kukifikisha hapo hakuhitaji kiungo cha ziada. Unahitaji moto mdogo, mfuniko, chumvi kidogo na dakika kama 15. Nitaeleza zaidi habari ya moto kuliko ya kitunguu chenyewe, kwa sababu majiko yetu, la mkaa na la gesi ya mtungi, yote mawili yametengenezwa kuwaka kwa nguvu, na kuyatuliza kuna ujuzi wake.

Kinachofanyika ndani ya sufuria

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za kitunguu ni maji. Maji hayo yamo ndani ya seli, na seli zimeshikanishwa na pektini, ile ile inayoifanya jemu igande. Kitunguu hakilainiki mpaka pektini ilegee, na hilo linahitaji joto la kama nyuzi 85 za selsiasi kwenda juu. Hapa pwani, usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Maana yake mvuke wa maji ya kitunguu chenyewe una joto la kutosha kabisa kukilainisha. Mafuta kazi yake ni kulisambaza joto na kuzuia kisishike chini, basi.

Rangi ya kahawia ni habari nyingine. Inaanza kuja kwa kasi pale uso wa kitunguu unapokauka na joto lake kupanda hadi kama nyuzi 140. Maji yakiwepo, joto haliwezi kufika huko, hivyo rangi haiji. Moto mkali unakausha uso wa kipande upesi kabla joto halijapenya ndani, na ndiyo sababu unapata kitunguu chenye rangi nzuri nje na ugumu ndani. Rangi imekudanganya kwamba kimeiva.

Halafu kuna ukali. Ukikata kitunguu unapasua seli zake, vimeng'enya vinakutana na kemikali zenye salfa, na inazaliwa ile hewa inayochoma macho. Mwaka 2002 wanasayansi wa Japani walikitambua kimeng'enya kinachohusika na kazi hiyo ya kututoa machozi. Joto linakiua kimeng'enya na mvuke unaondoka na sehemu kubwa ya huo ukali. Sukari ilikuwemo tangu mwanzo, kama gramu 4 katika kila gramu 100 za kitunguu, ila ilikuwa imefunikwa. Ukali ukiondoka, utamu unasikika.

Sokoni

Vitunguu maji vinavyouzwa mjini vingi ni vyekundu, na vinatoka mbali: Mang'ola kule Karatu, Singida, Ruaha Mbuyuni kwenye barabara ya Iringa, Kilosa. Vinaingia Kariakoo, Ilala na Mabibo kwenye magunia yaliyofungwa lumbesa, vikiwa vimebanana na kupigwa jua njiani, kwa hiyo usishangae fungu moja kuwa na vizuri vitatu na kimoja kilichoanza kulegea.

Shika kila kimoja. Kitunguu kizuri ni kizito mkononi, ganda lake la nje ni kavu na linatoa sauti ya karatasi, na shingo yake imefunga kabisa. Bonyeza hapo shingoni kwa kidole gumba: pakibonyea, ndani kimeanza kuoza hata kama ubavuni kinang'aa. Kilichochipua kinaliwa, ila kile kijiti cha kijani cha katikati kina uchungu kidogo na hakilainiki pamoja na vingine, kitoe. Muuzaji akikuambia "dada, hivi vimeingia leo leo," vizuri kwa kachumbari, lakini kwa kulainisha usikimbilie upya. Kilichokaushwa vizuri shambani kina maji machache kidogo na utamu uliokolea zaidi.

Nyumbani vitoe kwenye mfuko siku hiyo hiyo. Joto na unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, vinaviozesha upesi. Viweke kwenye neti au ungo mahali penye hewa, na usivichanganye na viazi mbatata.

Vipimo

Kwa mchuzi wa watu wanne hadi sita:

vitunguu maji vya wastani 4, kama nusu kilo
mafuta vijiko 3 vya chakula
chumvi nusu kijiko cha chai
maji, kikombe kidogo pembeni, ya kutumia ikibidi

Nusu kilo itaonekana nyingi mno sufuriani. Usipunguze. Maji yakishatoka, kitashuka hadi nusu ya ujazo wake au chini ya hapo.

Mafuta ya alizeti yanafaa. Yale ya kukamuliwa mashine ndogo, ambayo hayajasafishwa, yana harufu yake. Wengine wanaipenda, mimi naona inafaa zaidi kwa mchicha kuliko kwa mchuzi wa samaki. Samli ni nzuri sana hapa kwa sababu moto ni mdogo. Siagi nayo, ambayo kwenye moto mkali ingeungua na kuacha madoa meusi, kwenye moto huu inatulia. Kama unaelekea kwenye chakula cha nazi, anza na mafuta ya nazi.

Kukata

Wengi wetu tulijifunza kukatia mkononi, kitunguu kwenye kiganja, kisu kikija kwenye dole gumba, vipande vikidondoka moja kwa moja sufuriani. Ni ustadi wa kupendeza kuutazama. Kwa kulainisha, lakini, una kasoro: vipande vinatoka vingine vinene na vingine vyembamba kama karatasi, vyembamba vinaungua wakati vinene bado vinalia. Tafuta kibao.

Kata kitunguu katikati kutoka shingoni hadi kwenye kitako cha mizizi. Menya. Kitako kiache kwa sasa, kinashikilia tabaka zisiachane. Kisha uamue unataka nini. Nyuzi za kitunguu zinakwenda kutoka kwenye mizizi hadi shingoni. Ukikata kwa kuzifuata, unapata vipande virefu vinavyolainika bila kuvunjika, vizuri kwa rosti ya maini au samaki wa kukaanga aliyefunikwa na kitunguu juu. Ukikata kwa kuzikatiza, kitunguu kinalainika upesi na kupotea kwenye mchuzi. Kwa maharage na mchuzi wa nyama, katakata vidogo vya ukubwa wa punje ya choroko hadi ya harage. Muhimu viwe sawa kwa sawa.

Kisu kikali kinapunguza machozi kwa sababu kinakata seli badala ya kuzisaga. Kama una friji, kitunguu kikikaa humo nusu saa kabla ya kukatwa, hewa ile inatoka kwa uvivu.

Usikisuuze kitunguu kwa maji baada ya kukikata, wala usikifikiche kwa chumvi na kukikamua kama cha kachumbari. Unamwaga utamu kwenye karo.

Moto: hapa ndipo penye kazi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa nyumba nyingi za mjini zina vyote viwili, mtungi wa gesi jikoni na jiko la mkaa uani, na kila kimoja kina namna yake ya kutulizwa.

Tukianza na mkaa. Mkaa uliokolea ni moto mzuri kwa kitunguu kuliko watu wanavyodhani, mradi usiutumie wote. Subiri mpaka makaa yote yawe mekundu na yasitoe moshi. Ondoa nusu kwa koleo uyapeleke kwenye jiko jingine, chemshia maharage au maji ya chai huko. Yaliyobaki yatandaze, yasirundikane katikati, na uyafunike na majivu mepesi. Kisha funga mlango wa jiko, ule wa chini unaopitisha hewa, uache upenyo wa kidole kimoja. Weka kiganja juu ya jiko kwa urefu wa shibiri moja: ukiweza kukiacha hapo sekunde tano au sita bila kukiondoa, umefika. Ukikiondoa haraka, bado moto ni mwingi.

Kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kungoja. Ukishasonga ugali na kuepua, makaa yanayobaki jikoni, yale ambayo huwa tunayaacha yafe au tunayazima kwa maji, ndiyo moto hasa wa kulainishia kitunguu. Weka sufuria ya vitunguu vya kesho hapo, funika, endelea kula. Kinachotakiwa ni kwenda kugeuza mara mbili tatu.

Tahadhari moja ambayo si ya kurukwa: jiko la mkaa lililofunikwa majivu halitoi moshi lakini bado linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kupika taratibu kunamaanisha kukaa nalo muda mrefu. Lipikie uani au penye madirisha wazi, kamwe usiliingize chumbani kulala nalo kwa sababu ya mvua.

Gesi inaonekana rahisi, unazungusha tu. Shida ni yale majiko ya plati moja yanayofungwa juu ya mtungi wa kilo 6: moto wake ni mkali hata ukiwa chini, na unakusanyika katikati ya sufuria. Ukipunguza zaidi, unazimika kwa upepo. Zima feni kwanza kama inapuliza upande wa jiko, maana moto ukizimwa na feni gesi inaendelea kutoka. Halafu chukua chuma cha chapati, kiweke juu ya jiko, na sufuria ya kitunguu uiweke juu ya chuma. Joto linatandaa, katikati hapaungui, na unaweza kuuacha moto kwenye kiwango ambacho hauzimiki. Kwa jiko la plati mbili au nne, tumia ile plati ndogo.

Jiko la umeme la koili linachelewa kupoa. Washa kiwango cha chini tangu mwanzo, usianze juu ukitarajia kushusha baadaye.

Kuhusu sufuria: zile nyembamba za aluminiamu zinaunguza kwa madoa. Nzito ni bora, na pana ni bora kuliko ndefu. Chungu cha udongo ni kizuri mno kwa kazi hii, kinapokea joto polepole na kulitoa polepole. Kama bibi alikuachia kimoja, hapa ndipo mahali pake. Chochote utakachotumia kiwe na mfuniko, hata sahani ya bati.

Kupika

Weka mafuta na kitunguu pamoja, au kitunguu kifuate mafuta yakiwa vuguvugu tu. Hakuna haja ya mafuta kutoa moshi. Nyunyiza chumvi yote sasa hivi, siyo baadaye. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya kitunguu, na maji hayo ndiyo yatakayokipika. Geuza mpaka kila kipande kipakae mafuta na kung'aa.

Sasa sikiliza. Sikio linakusaidia kuliko jicho wakati huu. Sauti unayoitaka ni ya chini, ya kunong'ona, inayosikika ukiinama. Kikipasuka na kurusha mafuta, moto ni mwingi: epua sufuria kabisa, usihangaike kwanza na jiko, kisha urudishe ukishautuliza. Kikiwa kimya kabisa baada ya dakika tatu, moto ni mdogo mno, kitakaa tu kikijilowesha.

Funika. Acha dakika tano. Ukifunua utaona maji yamekusanyika chini, na mfuniko unadondosha matone. Yarudishe yote sufuriani, usiyafute. Kitunguu kimeanza kupoteza weupe wake, kingo zinapitisha mwanga. Geuza kutoka chini kwenda juu kwa mwiko, ukikwangua pembeni, funika tena.

Rudia hivyo kila baada ya dakika tatu au nne. Dakika ya kumi harufu inageuka: ile kali inayopanda puani inaondoka, inakuja ya utamu. Rangi nyekundu ya kitunguu chetu inafifia kuwa ya waridi iliyochuja au kijivu kidogo. Ni kawaida, usidhani kimeharibika.

Kipande kikigusa chini na kushika kabla hakijalainika, ongeza maji vijiko viwili, siyo mafuta. Maji yatakibandua, yatakuwa mvuke, na kazi itaendelea. Wapishi wengi hapa huongeza mafuta kila kinaposhika, na mwisho mchuzi unaogelea.

Kati ya dakika ya 12 na ya 15, chukua kipande kimoja kinene na ukibane kati ya mwiko na ubavu wa sufuria. Kikigawanyika bila kupinga, kimelainika. Kikiteleza kizima, bado. Kionje pia. Usitegemee saa peke yake, kwa sababu kitunguu cha Singida kilichokaa stoo miezi na kile kilichong'olewa juzi havipiki kwa muda mmoja.

Unaweza kusimama hapo, na kwa samaki wa nazi au mchicha wa nazi simama hapo hapo, kingali na unyevu na weupe, ili tui libaki na rangi yake. Kwa maharage nenda mpaka dakika 20 au 25, kiwe kama uji mzito. Kwa mchuzi wa nyama, funua mfuniko dakika tano za mwisho, maji yakauke, kipate rangi ya dhahabu. Ukitaka kahawia ya kweli iliyo laini na tamu, endelea bila mfuniko na moto ule ule hadi dakika 40 au 50. Ni muda mrefu, na mkate wenye kitunguu hicho na yai unastahili.

Kabla ya nyanya

Hili ndilo ninalogombana nalo zaidi jikoni kwa watu. Nyanya ni chachu, na uchachu unaikaza pektini. Kitunguu kikikutana na nyanya kabla hakijalainika, hapo ulipokikuta ndipo kitakapobaki kwa muda mrefu sana, hata ukichemsha. Limau, ndimu na ukwaju vinafanya vivyo hivyo. Anayepika maharage analijua hili kwa upande mwingine: ukitia nyanya kabla hayajaiva, yanagoma. Sababu ni ile ile.

Kwa hiyo nyanya iingie baada ya kile kipimo cha mwiko, siyo kabla. Mpangilio wangu ni huu. Kitunguu kikishalainika, fungua mfuniko, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, geuza dakika moja. Vinaungua upesi, ndiyo maana havikuanza pamoja. Bizari nyembamba, binzari ya manjano au unga wa giligilani viingie sasa, vikaangike kidogo kwenye mafuta. Karoti ifuate, ipewe dakika zake, kisha hoho. Nyanya ya mwisho. Wengi huanza na hoho mapema kwa ajili ya harufu, sina ugomvi nao, ila rangi yake itapotea.

Magadi

Wapo wanaotia magadi kidogo ili kitunguu kilainike upesi. Kinalainika kweli, magadi yanaivunja pektini haraka. Lakini kitunguu chekundu kikikutana na magadi kinageuka rangi ya kijani-bluu isiyopendeza, ladha inakuwa ya sabuni ukizidisha kidogo tu, na sufuria ya aluminiamu inajichubua na kuwa nyeusi. Mama lishe mwenye foleni ya wateja ana sababu zake. Wewe uliye nyumbani una dakika 15.

Wapi mtindo huu haufai

Pilau inataka kitunguu cha kahawia iliyokolea, kwa kuwa hapo ndipo rangi ya wali inapotoka. Hapo moto wa wastani, hakuna mfuniko, na chumvi inaweza kungoja. Ila kuna hila: kilainishe kwanza dakika nane kwa mfuniko, kisha funua na upandishe moto. Rangi itakuja sawasawa kwenye vipande vyote, bila vile vyeusi vinavyotia uchungu. Kitunguu cha biriani, kile kikavu cha kunyunyizia juu, ni cha mafuta mengi na moto mkubwa, na hakina uhusiano na haya tunayoyasema.

Samaki wa nazi kwa namna ya watu wengi wa pwani hakaangiwi kitunguu hata kidogo: kitunguu kinachemshwa ndani ya tui jepesi na chumvi mpaka kilainike, ndipo samaki aingie, tui zito na ndimu vikija mwishoni. Ukiangalia vizuri utaona ni kanuni ile ile, unyevu na moto wa upole kwanza, uchachu baadaye.

Mambo yakienda kombo

Maji yamejaa na kitunguu kinachemka: sufuria ni ndogo au umekirundika. Funua, yapunguke, halafu endelea.

Kimeshika na chini pana kahawia, siyo nyeusi: vijiko viwili vya maji na mwiko. Hiyo kahawia ni ladha, ikwangue irudi kwenye mchuzi.

Pana weusi na harufu ya kuungua: usikwangue. Hamisha kitunguu kilicho juu kwenye sufuria nyingine, uache kilichoshika. Kama uchungu umeshaingia kote, kitupe na uanze upya; nyanya na sukari haviuondoi.

Nyanya imeshaingia na kitunguu bado kigumu: ongeza kikombe cha maji, funika, moto mdogo, na uwe tayari kusubiri hata dakika 40. Au kisage chote kwa blenda uendelee na maisha yako.

Kuweka akiba

Kwa kuwa kulainisha kilo mbili kunachukua muda kidogo tu zaidi ya kulainisha nusu kilo, ni busara kupika cha wiki siku moja, mathalani Jumamosi ukitoka sokoni. Tumia sufuria pana, na ongeza dakika kumi hivi. Kipooze haraka kwa kukitandaza kwenye sinia, kisikae mezani zaidi ya saa mbili kwa joto letu, kisha kitie kwenye chombo chenye kifuniko. Kwenye friji kinakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza kinakaa hadi miezi mitatu. Kigawe kwenye vifuko vidogo vya matumizi ya mara moja, au kwenye trei ya barafu, kila kijumba kikiwa kama kijiko kimoja kikubwa. Kile cha trei kitupe kikiwa kimeganda moja kwa moja kwenye mafuta vuguvugu, kitayeyuka ndani ya dakika mbili. Umeme ukikatika muda mrefu na ukakuta kimeyeyuka na kupata joto, usikigandishe tena. Kikiwa bado cha baridi, kipike siku hiyo hiyo. Kikiwa vuguvugu, kiende pipani.